Walimu Kusaidiana kwa Simu: Mfano wa Unguja

Si jambo geni Unguja kukuta skuli ya kijiji yenye mwalimu mmoja tu wa fizikia. Akikwama katika mada, skulini hana wa kumuuliza. Mwenzake anayefundisha somo hilo hilo huenda yuko Mji Mkongwe, mwendo mrefu wa daladala, naye ana madarasa yake. Katika makala hii tunaangalia jinsi simu na intaneti zinavyoweza kuwakutanisha walimu kama hawa, na kwa nini baadhi ya makundi yao hufa mapema.

Kabla ya simu

Kusaidiana hakukuletwa na intaneti. Zanzibar ina vituo vya walimu, kama kile cha Bububu na cha Dunga, ambako walimu wa skuli za jirani hukutana kwa mafunzo. Upo pia mpango wa skuli za chekechea za madrasa, ulioanza Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Aga Khan Foundation na kufika Zanzibar mwaka 1990. Wakufunzi wake waliwafuata walimu darasani, wakafanya kazi pamoja nao, na zana za kufundishia zikatengenezwa kwa vitu vya hapa hapa kama vifuu na makombe ya pwani. Skuli zilizomaliza kipindi cha mafunzo ziliunganishwa katika jumuiya ili zisiachwe peke yake. Kwetu sisi, hilo ndilo jambo kubwa katika mpango ule. Miradi mingi hutoa cheti, ikaondoka.

Kompyuta nazo zina mipaka yake. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme kutoka Bara, na kompyuta isiyo na jenereta haikumfaa mtu. Leo walimu wengi hukutana kwa simu ya mkononi, hasa kupitia WhatsApp.

Swali dogo huzaa mengi

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Walimu waliosoma masomo hayo kwa Kiswahili walipowa wadogo walitakiwa kuyaeleza kwa lugha nyingine. Mwalimu wa namna hii huona haya kuuliza mbele ya mkaguzi. Kwa mwenzake atauliza.

Tuseme mwalimu wa Mji Mkongwe anaandika kwenye kundi: "Wanafunzi wangu wanakariri maana ya mvukizo, lakini hawaelewi maji yanakwenda wapi." Mwalimu wa Bwejuu anamjibu kwamba yeye hutumia mwani. Wanafunzi huupima ukiwa umetoka baharini, huuanika, kisha huupima tena ukikauka. Uzito uliopungua ni maji yaliyopanda hewani. Wa tatu anaongeza kwamba vipimo hivyo hivyo vinafaa kufundishia asilimia. Wa mjini hana mwani, basi anaanika kitambaa kilichorowa. Kwa ujumbe mfupi mitatu, somo moja limekuwa mawili.

Tazama kilichofanyika hapo: swali lilitoka darasani, na jibu likarudi darasani. Kundi lisilo na maswali ya namna hii hugeuka haraka kuwa la salamu za asubuhi na matangazo ya harusi. Hayo yana raha yake, lakini mwalimu analipia bando kwa fedha zake mwenyewe.

Mambo ya kuangalia

Kwenye kundi la WhatsApp namba ya kila mtu huweza kuonekana na wenzake. Kwa walimu wanawake hili si jambo dogo. Wapo wanaonyamaza, au kujitoa, kwa kuogopa kupigiwa simu usiku na watu wasiowajua. Wakubaliane mapema kwamba hakuna kumtafuta mtu nje ya kundi bila idhini yake. Picha za watoto zisitumwe bila ruhusa ya wazazi, na mtihani ambao haujafanywa usipitishwe humo hata kidogo.

Vifaa vya kujadili vipo. Mpango wa TESSA, ulioanza mwaka 2005 na ambao Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeshiriki, una masomo ya walimu kwa Kiswahili bila malipo. Tanzania Bara, mpango wa MEWAKA huwakutanisha walimu kwanza skulini mwao, katika jumuiya za kujifunza, na mtandao hufuata. Mpangilio huo tunauunga mkono. Mtu uliyekaa naye benchi moja pale Dunga ni rahisi zaidi kumwandikia kwamba somo lako la leo limeharibika.

Maswali ya kujadili

Ni somo gani katika skuli yenu lenye mwalimu mmoja tu? Nani anayelifundisha katika skuli ya jirani, na mliwahi kuonana lini?

Nani atasimamia kundi, na mwalimu asiye na simu ya intaneti atapataje majibu?