Kinga ya vidonda vya kinywa kwa wanaotibiwa saratani

Mgonjwa kutoka Kianyaga anayepata kemotherapia Embu, Nyeri au Nairobi mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Vidonda vya kinywa huja baadaye, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 10, daktari akiwa mbali. Dawa hizo hushambulia seli zinazogawanyika upesi, zikiwemo za utando wa ndani ya kinywa.

Kinga huanza mapema: meno yaliyooza yatibiwe kabla ya dawa ya kwanza. Baadaye, mgonjwa apige mswaki laini na asukutue kinywa mara kadhaa kwa siku, hasa baada ya kula. Changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko cha chai cha chumvi na kingine cha beking soda (si beking pauda, wala si magadi ya kupikia githeri). Ateme, asimeze. Dawa za kusukutua zenye pombe huchoma zaidi.

Kwa baadhi ya dawa, kama fluorouracil, kumung'unya barafu wakati wa kudungwa husaidia. Aulize kwanza; anayepewa oxaliplatin huepushwa na baridi.

Chai ipoe, hata katika baridi ya Kianyaga. Uji, ndizi zilizopondwa na parachichi hupita vizuri. Pilipili na machungwa yasubiri.

Joto la mwili likifika 38, utando mweupe ukionekana, au akishindwa kunywa maji, apelekwe hospitali mara moja, hata usiku.