BARIDI HAIUI MIKROBI
(Somo juu ya barafu ya matunda)



Munakumbuka namna watoto wane wa darasa la kwanza walilala mu dispanseri kwa ugonjwa wa kuhara. Walinyonya barafu ya mifuko yenye kuuzwa barabarani. Ni mimi, doyen wao, niliyewanunulia, kisha kazi ya kufyeka uwanja. Niliwaambia: "Kitu baridi hivi hakina mikrobi." Nilikosea, na naomba musamaha. Basi siku ya posho tulienda watu sita wa darasa la sita, pamoja na mwalimu wa biolojia, ku duka moja ndogo ya Bukavu yenye kutengeneza barafu ya matunda tupu, bila maziwa wala mayai.

1. TULIYOONA

Duka ina meza tatu, viti vya plastiki na frigo moja kubwa. Mama mwenye duka anachagua ndizi zenye kuiva sana, zile za madoa meusi. Anazimenya, anazikata vipande, anazigandisha usiku muzima, kisha anazisaga mu mashini. Juu ya nini zinakuwa laini sawa maziwa? Ndizi ina maji karibu sehemu 75 kwa 100. Mengine ni zaidi sukari na nyuzinyuzi, navyo vinazuia maji kugeuka vipande vikubwa vya barafu. Nanasi na juisi ya marakuja zina maji mengi kupita ndizi, basi zikigandishwa peke yake zinakuwa ngumu. Kwa hiyo Mama anazichanganya na ndizi ao avoka. Mutu mwenye kuumwa tumbo akinywa maziwa anaweza kula hii bila shida.

2. TULIYOULIZA

– Mama, maji ya marakuja munayatosha wapi?
– Ku robine, mwanangu. Lakini nayachemsha kwanza.
– Hata kama yataganda?
– Baridi inalaza mikrobi tu. Ukiimeza, inaamuka mu tumbo.
– Na umeme ukikatika?
– Yenye kuyeyuka siigandishe tena. Juzi nilitupa ndoo nzima. Niliumia, lakini watoto wa watu ni watoto wangu.

Mwalimu alisema Mama ana haki. Mikrobi ya kolera inaweza kuishi ndani ya barafu. Na kolera si hadithi kwetu: katika mwaka 1994, pale Goma, iliua maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache. Lakini moto inaiua. Bukavu iko juu karibu metre 1.500, kwa hiyo maji yetu yanachemka karibu digri 95, hapana 100. Hata hivyo inatosha, kama tunayaacha yatokote sawasawa dakika moja ao zaidi.

3. TUFANYE NINI?

a) Mbele ya kununua, uliza maji yalitoka wapi na kama yalichemshwa. Kuuliza si kukosa heshima.
b) Usinunue barafu yenye iliyeyuka na kugandishwa tena.
c) Osha mikono na sabuni, osha matunda na maji safi mbele ya kuyamenya.
d) Mwenzako akihara, usingoje. Twaa litre 1 ya maji yenye kuchemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anywe kidogo kidogo, mukimupeleka ku dispanseri.

Mungu alitupa matunda mengi, na si zambi kuyafurahia. Lakini mukubwa akimupa mudogo chakula, ajue kwanza anamupa nini. Someni 1 Wakorinto 10:31.

MAULIZO

1. Juu ya nini ndizi inaganda laini kupita nanasi?
2. Baridi na moto vinatofautiana namna gani mbele ya mikrobi?
3. Wewe ungetupa ile ndoo nzima? Eleza.

Doyen wa wanafunzi, darasa la sita