Umeandikiwa mwendo kasi na ushahidi hauonekani? Vidokezo kwa madereva na motari wa Kisangani

Kwetu Kisangani, ushahidi wa mwendo kasi mara nyingi ni jicho la polisi wa roulage, yaani wa barabarani, aliyesimama pembeni ya njia. Siku nyingine ni picha aliyoipiga kwa simu yake. Kinshasa waliwekewa mwaka 2013 roboti za kuongoza magari zenye kamera, kazi ya injinia Thérèse Izay Kirongozi, na wafanyabiashara wetu wanaofika Uganda au Dar es Salaam wanakutana na vyombo vya kupima mwendo. Kote huko dereva anabaki na swali lilelile: nilipe yaishe, au nipinge? Mimi nasema pinga pale ushahidi usipoonyesha gari lako, mahali ulipokuwa na mwendo uliokuwa nao. Namna ya kupinga ndiyo hii.

1. Jiulize kwanza kama ulikimbia

Jijibu kwa ukweli kabla hujabishana na mtu. Kama ulishuka kuelekea daraja la Tshopo mkono ukiwa umevuta gesi hadi mwisho, na mama mwenye beseni kichwani alilazimika kuruka pembeni, lipa na upunguze mwendo. Haki ya kupinga ni ya yule anayeamini kwamba hakutenda kosa, au anayeona kwamba kosa halijathibitishwa. Anayeitumia kuficha mbio zake anawaharibia wengine wote.

2. Omba kuona, na uangalie polepole

Ukiambiwa “tumekupiga picha”, omba uione hapohapo. Tafuta namba ya gari. Inasomeka yote, au herufi mbili zimefunikwa na matope? Angalia kama mahali panatambulika: jengo, kibao, mti, chochote kinachoonyesha kwamba ni Mangobo na si Kabondo. Hesabu pia vyombo vilivyomo. Picha yenye pikipiki tatu na gari moja haisemi peke yake nani alikuwa anakimbia.

Kisha soma saa iliyoandikwa kwenye picha, na uilinganishe na vivuli. Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua la saa saba mchana liko juu na kivuli ni kifupi. Kama picha imeandikwa saa saba na kivuli cha gari kimelala kirefu kupita kimo cha gari lenyewe, saa ya simu ile haikuwa sawa. Sema hivyo, na uombe iandikwe.

3. Picha moja haipimi mwendo

Hiki ndicho kidokezo ambacho ningependa kila motari, dereva wa teksi ya pikipiki, akikariri. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linatembea mita 16 na zaidi kidogo kila sekunde. Kwa nusu sekunde ni mita 8 hivi. Likienda 90, kwa nusu sekunde ni mita 12 na nusu. Tofauti ni mita nne tu, na picha moja iliyosimama haiwezi kuionyesha. Ndiyo maana baadhi ya kamera za zamani za barabarani Ulaya zilikuwa zinapiga picha mbili zilizopishana nusu sekunde, juu ya lami iliyochorwa mistari ya kupimia. Bila picha ya pili, bila mistari na bila rada, mwendo umekisiwa.

Na usikubali kuambiwa kwamba picha yenye ukungu ni dalili ya mbio. Ukungu unaletwa pia na mkono uliotikisika, au na giza la jioni linalolazimisha simu ifungue jicho lake muda mrefu zaidi.

Palipo na rada ya kweli, uliza ilielekezwa kwa nani. Rada hutuma mawimbi na kupokea yanayorudi, na lori kubwa linarudisha mengi kuliko pikipiki. Kama ulikuwa unapitwa na lori wakati ule, litaje lori hilo: rangi yake, mzigo wake, lilikoelekea.

4. Kama ushahidi ni jicho tu

Jicho la polisi si bure, lakini halina namba. Wenzetu wa Kenya waliliona hilo: Sheria yao ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kumtia mtu hatiani kwa mwendo kasi kwa maoni ya shahidi mmoja peke yake. Sheria hiyo haitumiki Kongo, ila hoja yake unaweza kuibeba mbele ya afisa yeyote kwa heshima: shefu, ulipima kwa nini, na ulikuwa umesimama umbali gani?

5. Dai PV, na usikilize kilichoandikwa

Msingi wa sheria ya barabara kwetu ni Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Kosa likidaiwa, linatakiwa liandikwe kwenye PV (procès-verbal), hati rasmi ya kosa, na afisa wa polisi wa mahakama, yule tunayemwita OPJ. Si kila polisi aliyevaa kofia ni OPJ. Kwa hiyo uliza kwa upole: OPJ ni nani hapa, na PV yangu iko wapi?

PV humalizika kwa kiapo cha afisa kwamba aliyoyaandika ni ya kweli. Maneno ya barabarani hayana uzito huo. Mtu aliyekuwa anapaza sauti kwamba ulikwenda 100 anaweza kusita akitakiwa kuandika alipimaje na kuapa chini yake.

Shida ni kwamba karatasi inaandikwa Kifaransa, na wengi wetu tunasaini tusichokielewa. Katiba ya 2006, ibara ya 18, inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuambiwa papo hapo sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Kiswahili na Lingala ni lugha za taifa kwa Katiba hiyohiyo, ibara ya kwanza. Omba usomewe na ufafanuliwe kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kama hukubali, maelezo yako yaandikwe hivyo: nakana, sikuonyeshwa kipimo, picha haisomeki. Wakichukua leseni yako, au permi kama tunavyoiita, omba hilo nalo litajwe.

6. Mwite shefu, na usipandishe sauti

Zima injini, salimu, toa karatasi ulizoombwa. Anayefoka anaongezewa kosa la pili, na hilo la pili litakuwa na mashahidi wengi.

7. Kusanya vyako mapema

Mashahidi wako wa kwanza ni abiria. Papa uliyembeba atakuwa ameshafika sokoni ndani ya dakika kumi, kwa hiyo omba jina na namba yake ya simu kabla hajashuka. Ukiweza, piga picha ya mahali baadaye, ukiwa umeegesha vizuri: kibao cha mwendo kipo? Kinaonekana, au kimemezwa na majani? Usiwapige polisi picha usoni bila ruhusa. Utaanzisha kesi nyingine.

8. Ukiamua kulipa, lipa serikali

Kuna faini ya mapatano, ile ambayo kwenye karatasi inaitwa amende transactionnelle. OPJ anakupendekezea kiasi, unalipa, na kwa kawaida kesi inaishia hapo. Pesa hiyo ni ya hazina ya umma, kwa hiyo inakwenda na hati ya malipo na risiti yenye jina lako. Matabishi, yaani rushwa ya mkononi, hayakuachii karatasi yoyote, na kesho kwenye kona nyingine utasimamishwa upya. Najua hali za polisi wetu ni ngumu. Bado madesu hayo yanawafundisha wote wawili, anayetoa na anayepokea, kwamba ushahidi hauna kazi.

9. Piga hesabu ya siku yako

Kupinga kunakula muda. Motari anayedaiwa versement, pesa ya kupeleka kila siku, na mwenye pikipiki anajua asubuhi moja kituoni ina bei gani, na anayetoka Lubunga anaongeza nauli ya kuvuka mto. Faini ikiwa ndogo na una shaka hata na kumbukumbu yako, kulipa kwa risiti si aibu. Lakini kama wanashikilia pikipiki yenyewe, au kiasi kinapanda kila ukiuliza, pinga. Na kama katika tukio lile mtu aliumia, acha mambo ya picha: tafuta wakili siku hiyohiyo.

10. Ukivuka mpaka

Uganda ilianzisha faini za kamera zinazojituma zenyewe, EPS Auto, Juni 2025, na siku chache baadaye serikali ikazisimamisha kwa malalamiko ya wananchi, yakiwemo yale ya maeneo ya kilomita 30 kwa saa.  Tanzania, chombo cha kupimia mwendo wanakiita tochi, na deni linafuata namba ya gari. Ukinunua gari lililokwisha kutembea huko, hakikisha namba yake haina faini kabla hujatoa pesa.

11. Wakikuweka ndani

Ibara ya 18 inaweka mpaka: saa 48, kisha uachiwe au ufikishwe mbele ya mamlaka ya mahakama inayohusika. Una haki ya kuwasiliana mara moja na familia yako au wakili. Huna pesa ya wakili? Mawakili wa Barreau wana ofisi ya ushauri wa bure, bureau de consultations gratuites. Mtume ndugu yako huko akiwa na nakala ya PV, au, kama hamkupewa, akiwa na jina la kituo, saa uliyoingia na jina la OPJ aliyekupokea. Andika saa hiyo mapema, hata kwenye kiganja, kwa sababu hapo ndipo saa 48 zinapoanza kuhesabiwa.