Pima mate yako kwa fufu na Bétadine

Vijana wa Goma wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa, hukariri majina ya vimeng'enya vya mmeng'enyo bila kuwahi kuona hata kimoja kikifanya kazi. Mwalimu, au mzazi unayesimamia masomo nyumbani, usianze na majina. Anza na mate.

Koroga kijiko kidogo cha unga wa fufu katika kikombe cha maji baridi, kisha uweke kwenye mbabula hadi upate uji mwepesi kabisa. Usiruke hatua ya kupika, kwa sababu wanga mbichi umejifunga ndani ya chembe zake na mate huuvunja polepole mno. Kwenye duka la dawa, ulizia Bétadine ya njano, ile ya kupaka kwenye ngozi. Usichukue nyekundu, kwa sababu ina sabuni. Izimue kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi. Dondosha tone moja kwenye uji kidogo: utageuka buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Hiyo ni alama ya wanga.

Sasa kila mmoja asukutue mdomo, ateme mate yake mwenyewe kwenye glasi yake, na asishike ya mwenzake. Mji uliopitiwa na Ebola mwaka 2019, kisha mpox, hauna nafasi ya uzembe katika jambo hili. Pima vijiko viwili vya uji uliopoa katika kila moja ya glasi tatu. Ya kwanza itie mate, ya pili maji matupu, ya tatu mate yaliyochemshwa kisha yakapozwa. Zisimamishe zote ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, karibu nyuzi 37. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na hewa yake ni ya baridi. Ukiziacha mezani, kazi itakwenda kwa kusuasua.

Kila baada ya dakika mbili, chota tone kutoka kila glasi, liweke kwenye sahani nyeupe, kisha ongeza tone la Bétadine. Hapa ndipo watoto husogea karibu. Glasi ya mate huanza na buluu, ikaja zambarau, halafu kahawia, mwishoni dawa inabaki na rangi yake ya chai: wanga umekatwakatwa, na sehemu kubwa imekuwa sukari iitwayo maltosi. Glasi mbili zilizobaki hubaki buluu. Katika ile ya maji hakuna kimeng'enya; katika ile ya mate yaliyochemshwa, moto umeharibu umbo la kimeng'enya, na kikishapoteza umbo hakifanyi kazi tena.

Ukitaka kuonyesha kinachoyapata mate yakifika tumboni kwenye asidi, ongeza glasi yenye mate na siki. Usitumie limau. Vitamini C ya limau huondoa rangi ya iodini, na darasa zima litadhani wanga umekwisha.

Baada ya hapo ndipo uandike majina ubaoni. Mwaka 1833, nchini Ufaransa, wanakemia Payen na Persoz walitoa kwenye shayiri iliyochipua kitu kinachovunja wanga, wakakiita diastase. Mwisho ule wa -ase ukaja kuwa kanuni: taja kinachovunjwa, kisha ubandike -ase. Amylum ni wanga kwa Kilatini, kwa hiyo amylase. Maltosi ina maltase, mafuta yana lipase. Mwulize mwanafunzi lactase inavunja nini, naye anayajua maziwa ya Masisi. Mwache ajibu mwenyewe kwamba ni laktosi, sukari ya maziwa.

Pepsini na tripsini zilipewa majina kabla kanuni hiyo haijashika, kwa hiyo hizo zikaririwe tu. Ptyaline nayo ni jina la kale la amylase ya mate. Mwanafunzi akikutana nayo katika kitabu cha zamani asidhani ni kimeng'enya kingine, na kwenye karatasi ya mtihani aandike amylase.