Mupunga unaojua kungojea maji

Walimaji wenzetu wa tambarare ya Ruzizi, kila mara mvua inapozidi tunaulizwa: "Maji yamefunika mupunga wangu. Niungoe, nipande upya?" Mwaka mumoja tulijibu kooperative moja haraka sana: ngoeni. Waliungoa, wakatafuta mbegu kwa deni. Jirani yao mumoja hakukuwa na feza, akaacha shamba lake vile vile. Kumbe, kisha siku kumi hivi, mupunga wake ulianza kutoa majani mapya. Tulisikia haya.

Jeni ni sawa agizo lililoandikwa ndani ya mbegu, linalopita toka kwa muzazi mpaka kwa mutoto. Maagizo mengine yanalala mpaka shida ifike. Jua likizidi, muhogo unafunga vitundu vidogo vya majani yake ili maji yasitoke, tena unaangusha majani mengine. Haiko uvivu, ni agizo.

Na mupunga je? Muti wenyewe unatengeneza gazi inayoitwa etileni. Chini ya maji gazi ile haitoki vizuri, inajaa ndani. Kwa mupunga wa kawaida ni sawa vile inasema: kimbia juu! Unarefuka mbio, unakula sukari yake yote. Maji yakiondoka, unalala chini, nguvu hakuna.

Huko India, jimbo la Odisha, walimaji walikuwa na mupunga wa zamani wenye kuvumilia maji. Toka kwa mbegu ile wachunguzi walipata aina FR13A, na mwaka 2006 wakatangaza jeni yenyewe: Sub1A. Hiyo inasema kinyume: tulia, tunza sukari. Unaweza kukaa umefunikwa siku 14 hivi, kisha ukaamuka. Waliipitisha kwa kukutanisha maua ya mupunga na mupunga (watu wanatuuliza sana kama ni mbegu ya kuchezea-chezea; hapana), wakapata Swarna-Sub1, ambayo India iliruhusu mwaka 2009.

Lakini musidanganyike. Maji yakipita wiki mbili, ao yakijaa matope mengi, hata huo unaweza kufa. Na kama maji yanasimama kwa magoti mwezi muzima, kutulia hakusaidie. Kule Bangladesh kuko mupunga wa maji marefu, wenye jeni za kuurefusha ufuate maji. Kila pahali na agizo lake.

Basi, maji yakiondoka, ngojea siku 7 mpaka 10 mbele ya kungoa. Finya shina karibu na udongo: kama bado ni gumu na halinuke, muti uko muzima. Usimwage urea siku ile ile. Ngojea jani jipya. Ila kama shina limeoza, usipoteze wakati, rudilia pepinyere.

Tena, pahali mupunga ulipona, weka kijiti. Vuna mbegu yake mbali na ingine, uipande musimu ujao kando ya ile ya kawaida, pahali pa bonde sawasawa. Bonde sawasawa, tunakazia, sababu mara nyingi mupunga "uliovumilia" ulikuwa tu umesimama pa kilima kidogo.