Siku ya Watani kwa Mkapa: Panga Kutoka Kabla ya Kuingia

Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam uwanja mkubwa uko wapi, mmoja atakwambia kwa Mkapa, mwingine Taifa, na shabiki wa kweli atasema Lupaso. Wote wanakuelekeza mahali pamoja. Uwanja huu wa watu 60,000 ulifunguliwa 2007 ukiitwa Uwanja wa Taifa. Mwaka 2020, Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipofariki, ukapewa jina lake, na mashabiki wakaongeza la kijiji alikozaliwa, huko Masasi. Kwenye daladala tumia la zamani. Mwambie konda "nishushe Taifa" na hutapotea. Ila usiuchanganye na Uwanja wa Uhuru ulio jirani yake, ule ambao wenyeji wanauita Shamba la Bibi.

Hapa nazungumzia siku moja tu, siku ya watani wa jadi, Simba na Yanga. Mechi nyingine unaweza kuondoka nyumbani saa 9 mchana na ukaketi kwa raha. Hii ya watani inakula siku nzima, na mgeni asiyelijua hilo huiona dakika ishirini za mwisho, au haioni kabisa.

Kabla ya yote, hakikisha mechi ipo, na ipo hapo. Si mzaha. Tarehe 8 Mei 2021 watu walikuwa wameshaingia uwanjani, muda wa kuanza ukasogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, Yanga wakagoma, na mechi ikaahirishwa hadi Julai. Tarehe 8 Machi 2025 ikatokea tena: Simba walilalamika kwamba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, wakatangaza hawachezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha siku ileile, na pambano likachezwa 25 Juni. Kuna waliokuwa wametoka mikoani kwa mabasi, wakarudi na jezi zao zikiwa hazijapata hata jasho. Kwa hiyo ukitoka mbali, usije Dar kwa sababu ya mpira peke yake. Tafuta na shughuli nyingine: ndugu wa kumsalimia, mzigo wa kununua Kariakoo, hata samaki wa Feri. Na kabla ya kutoka angalia tena ni uwanja gani, kwa sababu mechi za timu hizi zimekuwa zikichezwa pia KMC Complex kule Mwenge na Azam Complex kule Chamazi. Temeke na Mwenge ni pande mbili za jiji.

Tiketi haiuzwi dirishani kama zamani. Unalipa kwa simu na tiketi inaingia kwenye kadi ya N-Card, hiyohiyo wanayovukia watu Kigamboni, kisha unaigusisha kwenye mashine getini. Nunua siku mbili tatu kabla, maana asubuhi ya mechi mtandao huelemewa kama kila kitu kingine. Anayekunong'oneza karibu na geti kwamba anayo ya ziada mwitikie kwa heshima na uendelee na safari yako. Madaraja ni ya kuelewa upesi: mzunguko ni bei ya chini na kelele ya juu, VIP C na B ni za katikati, VIP A ni ya waheshimiwa na wenye nafasi zao. Ushauri wangu kwa anayekuja mara ya kwanza ni mzunguko. VIP utaona mpira vizuri zaidi, lakini mpira hata kwenye runinga unaonekana.

Kabla ya kukaa, uliza upande gani wanakaa akina nani. Mashabiki hujigawa wenyewe, wekundu huku na njano na kijani kule, na mtu mwenye jezi ya Simba aliyejikuta katikati ya mashabiki wa Yanga hatapigwa, lakini ataimbiwa kwa dakika tisini. Kama huna timu, vaa shati la bluu. Ukinyooshewa vidole vitano usidhani unasalimiwa. Yanga wanakukumbusha 5-1 ya Novemba 2023, Simba wanakukumbusha 5-0 ya Mei 2012, na wazee wa Simba wakiwapo wataongeza kidole cha sita kwa ajili ya 6-0 ya 1977. "Makolo" ni Simba kwa kinywa cha Yanga, "utopolo" ni Yanga kwa kinywa cha Simba. Mgeni ayasikie, asiyatumie mpaka ajue amekaa na nani.

Kwa Mkapa si katikati ya jiji, ni Temeke, mwendo wa kilomita kama tano kutoka Posta. Lakini siku hii huanzia katikati ya jiji, na mimi ningekuambia uianzie huko. Asubuhi nenda Kariakoo. Klabu zote mbili zimezaliwa mitaa hii, Yanga 1935 na Simba 1936, na majengo yao yako karibu kiasi kwamba unaweza kutoka Msimbazi kwa Simba hadi Jangwani kwa Yanga kwa miguu kahawa yako ikiwa bado ya moto. Nje ya kila jengo kuna wazee kwenye mabenchi wanaopanga kikosi vizuri kuliko kocha. Salimia, "shikamooni wazee", kaa, agiza kahawa na kashata, usiulize nani atashinda. Uliza nani alikuwa beki bora waliyewahi kumwona, na asubuhi yako imekwisha. Jezi pia nunua huko, maana karibu na uwanja bei hupanda kadiri saa zinavyosogea.

Anayetoka Morogoro au Dodoma kwa treni ya SGR anashukia mjini, na anayetoka Unguja kwa boti naye hivyohivyo. Hao wamebarikiwa. Anayekuja kwa basi la mkoani anashukia Stendi ya Magufuli, Mbezi, mbali sana na Temeke, na siku ya watani umbali huo huhesabiwa kwa saa. Aje jana yake. Kutoka Kariakoo chukua daladala za Temeke au Tandika. Bodaboda ni ya haraka, ila elewaneni bei kabla hujapanda, na mwambie akushushe kabla ya umati, si getini. Gari lako binafsi liache nyumbani. Najua hutanisikiliza. Basi liegeshe mbali, likiwa limeelekezwa unakorudi.

Kula kabla ya kufika, kwa mama lishe, wali na maharage au ugali na samaki, mlo wa kumshikilia mtu hadi usiku. Nje ya uwanja utapata mihogo, mishkaki, karanga na juisi ya miwa, vyote vizuri, lakini foleni ya mishkaki na foleni ya geti haziwezi kuliwa pamoja. Maji yanywe nje. Chupa ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuchukuliwa na askari kwenye ukaguzi.

Sasa geti, na hapa sitanii. Tarehe 28 Mei 2023 Yanga walipocheza mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger kwenye uwanja huuhuu, msongamano wa kuingia uliua mtu mmoja na kujeruhi wengine thelathini. Kwa hiyo ingia mapema, mechi ya saa 11 jioni uwe ndani saa 8 mchana. Utachoka kukaa, lakini paa limefunika sehemu kubwa ya majukwaa na burudani ya kutosha iko kwa majirani zako. Mtoto mdogo mwache nyumbani siku hii, mlete kwenye mechi nyingine. Ukikuta umati umeshasukumana mlangoni, rudi nyuma, subiri pembeni ulegee, hata kama bao la kwanza litafungwa wewe ukiwa nje. Simu na pesa viwe mfuko wa mbele. Vibaka nao huipanga siku hii mapema.

Mkiwa wengi, kubalianeni mahali pa kukutana baada ya mechi, mahali penye jina, kwa sababu simu hazitashika. "Tukutane nje" si mahali. Geti la chuo cha DUCE ni mahali.

Filimbi ya mwisho ikilia ni magharibi tayari, giza linaingia, na maelfu wanataka daladala ileile. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubaki umekaa. Nusu saa tu, timu iliyoshinda iendelee kuimba na wewe ukihesabu ngazi zinavyopungua watu. Ya pili ni kutembea, kuelekea Chang'ombe au Barabara ya Kilwa, mpaka mahali ambapo makonda wameanza tena kutaja nauli ya kawaida. Wapo wanaochagua ya tatu, kuondoka dakika ya themanini na tano ili wawahi gari. Mimi niliifanya mara moja. Nilikuwa juu ya bodaboda, karibu na Chang'ombe, uwanja mzima ukalipuka nyuma yetu, dereva akasimamisha pikipiki katikati ya barabara, akageuka na kuniuliza, "Kaka, hilo ni la nani?"