Jicho Moja Likizembea: Vidokezo kwa Wazazi wa Mpondwe

Siku ya soko pale Mpondwe watoto hukimbia katikati ya magunia ya maharage na vitenge vilivyovuka kutoka Kasindi, na hakuna anayejikwaa. Hata mwenye jicho vivu hajikwai, kwa sababu lile zima linamtosha. Jicho vivu haliumi wala haliwi jekundu. Ubongo ndio umezoea kupokea picha ya jicho moja na kuipuuza ya pili. Hali hii huwapata watoto 1 hadi 3 katika kila 100, na wengi wao wangeweza kutibiwa wakigunduliwa mapema.

1. Pima kila jicho peke yake. Mfunike mtoto jicho moja kwa kiganja huku akitazama kitu anachokipenda, kisha lifunike la pili. Akitulia upande mmoja, halafu upande mwingine akasukuma mkono wako au akalia, huenda umeliziba jicho analolitegemea. Mpeleke akapimwe. Lakini asipolalamika usiridhike: kipimo hiki cha nyumbani hukosa wengi, na kila mtoto anastahili kupimwa macho kabla ya kuanza shule.

2. Kengeza si pambo wala si bahati. Mtoto mchanga anaweza kupishanisha macho katika miezi ya mwanzo, ila likiendelea baada ya mwezi wa 4, mpeleke. Wapo pia wasio na kengeza lolote: jicho moja linahitaji miwani kali kuliko la pili, na kwa kumtazama tu huwezi kujua. Hawa ndio wanaonitia wasiwasi zaidi.

3. Ukiona weupe ndani ya mboni, usingoje likizo. Huenda ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, ambao kwa mtoto mchanga huhitaji upasuaji ndani ya wiki chache, au ni saratani ya jicho inayoweza kuua. Hospitali ya Ruharo, Mbarara, ina uzoefu wa miaka mingi wa kutibu saratani hiyo. Ukope ulioanguka ukafunika mboni nao ni sababu ya kwenda mapema.

4. Usitie jichoni majani, maziwa ya mama wala matone ya dukani.

5. Anzia karibu. Hospitali ya Bwera inaweza kukuelekeza, na Kagando, kule Kisinga, wana kitengo cha macho. Mtoto asiyejua kusoma hupimwa kwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye anaonyesha kwa vidole inakoelekea. Mfundishe mchezo huo nyumbani, utaokoa muda. Atatiwa matone ya kupanua mboni. Jua litamuumiza kwa muda, basi chukua kofia.

6. Miwani hutangulia. Avae tangu kuamka hadi kulala. Kwa baadhi ya watoto miwani pekee, ikivaliwa kwa miezi minne hivi, hulirudisha jicho bila kingine chochote.

7. Miwani isipotosha, hufuata plasta, nayo hufunika jicho zima, siyo lile vivu. Hapa ndipo bibi na majirani huuliza kwa nini unamfunga mtoto jicho linaloona. Waeleze kwa upole: jicho vivu halitafanya kazi mpaka lilazimike. Ibandike usoni, chini ya miwani, kwa sababu ikiwekwa juu ya lenzi mtoto atachungulia pembeni. Daktari ndiye anayepanga saa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulilinganisha saa 2 na saa 6 kwa siku kwa watoto wa chini ya miaka 7 wenye tatizo la kiasi. Baada ya miezi 4 walikuwa wameendelea sawa. Saa 2 zinawezekana hata kwa mama mwenye kibanda sokoni. Mpe kazi ya karibu: achambue maharage, atoe kahawa mbovu, achore. Asivuke barabara ya malori peke yake akiwa na plasta.

Plasta ikishindikana kabisa, daktari anaweza kuandika matone ya atropini ya kulififisha jicho zima. Ni sumu mtoto akiyanywa, yafungie.

8. Mwone mwalimu wake. Mtoto akae mbele, na darasa lielezwe, maana wengi huficha plasta mfukoni kwa kuchekwa.

9. Je, ana miaka 10 tayari? Mpeleke bado. Tiba hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7, lakini hata vijana wa miaka 13 na zaidi wamewahi kupata nafuu, hasa ambao hawakuwahi kutibiwa. Ila upasuaji wa kengeza hunyoosha jicho tu. Uvivu wake bado unahitaji kutibiwa.

10. Rudi kila tarehe uliyopewa. Daktari huangalia pia jicho lililofunikwa, lisije likadhoofika. Na plasta ikiachwa, takriban mtoto mmoja kati ya wanne hurudi nyuma ndani ya mwaka, basi weka nauli ya Kagando kwa mwaka huo pia.